Imeandikwa Upitapo

Ipo siku moja ya masika ninayoikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka mikono yangu hutafuta kitu cha kushika. Hata sasa nimeshika kikombe ambacho chai yake imekwisha zamani. Acha nikishike hivyo hivyo nikusimulie, maana Jumapili nilikusikia ukiwaambia wenzako wa jumuiya kwamba umepata ahadi yako ya mwaka. Mlikuwa mmeinamia simu, kila mmoja anachagua mstari wake wa Biblia kama mnachagua vitenge dukani Majengo: huu unanipendeza, ule haunifai. Nikanyamaza. Mzee akinyamaza vijana hudhani amekubali, kumbe mimi nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Nitaanzia kwa kaka yangu Denis. Wakati huo nilikuwa binti, sijaolewa, nikiishi nyumbani kwake huku kwetu upande wa Kaengesa. Nilikuwa nikimsaidia mkewe Yustina kupalilia ulezi na kuchota maji. Yustina nilimpenda kuliko kaka mwenyewe, na Denis huko aliko atanisamehe kwa kusema hivyo. Wifi yangu huyo alikuwa na mimba yake ya kwanza.

Denis alikuwa mtu wa nguvu na wa maneno. Mwaka ule alianza kwenda mjini kusali na kikundi fulani cha maombi. Sina neno baya juu ya maombi, mimi mwenyewe nimeyala na kuyanywa maisha yangu yote. Ila kaka yangu alirudi na nusu ya jambo, na nusu ya jambo wakati mwingine ni hatari kuliko kutojua kabisa. Alisema Mkristo hapaswi kuomba kama ombaomba, bali ashike ahadi na kuidai. "Ahadi ni deni," alipenda kusema, "na Mungu halali na deni." Basi akakoroga chokaa, akapanda kigoda, akaandika juu ya mlango, upande wa ndani, maneno ya nabii Isaya: *Upitapo katika maji mengi nitakuwa pamoja nawe, na katika mito, haitakugharikisha.* Herufi zenyewe zilikuwa kubwa, zimepinda kuelekea kulia. Yustina hakuulizwa anataka mstari gani. Kazi yake ilikuwa kushika bakuli la chokaa.

Sasa, kati ya kijiji chetu na hospitali ya misheni kuna mto. Kiangazi mtoto anauvuka viatu vikiwa mkononi. Masika ni mto mwingine kabisa. Maji yanateremka kutoka vilimani yakiwa na hasira, na huku kwetu ambako miti ni michache hakuna cha kuyapunguza mwendo. Waliotutangulia walisema maji usiyoyafika hujui kina chake. Sisi tuliyafika kila siku, na bado hatukukijua.

Uchungu ulimshika Yustina alfajiri, mvua ikinyesha. Mama mkunga wa pale kijijini akaitwa. Akampapasa tumbo, akampapasa tena. Kisha akamwambia Denis mtoto amelala vibaya, na huyu mama apelekwe hospitali upesi.

Kwenye kigango chetu kulikuwa na rimu ya gari imening'inizwa, ndiyo kengele yetu. Ikigongwa polepole ni sala. Ikigongwa mfululizo bila kupumzika ni shida, na kila mtu anaacha jembe lake shambani anakuja. Wakija, watatengeneza machela, watampokezana mgonjwa mabegani na kuzunguka kwa njia ya mgongo wa kilima, hadi kwenye daraja la barabara kuu iendayo Laela. Ni mbali, lakini ndivyo tulivyokuwa tukifanya tangu zamani. Nikamwambia, "Kaka, nikagonge rimu?"

"Ukigonga," akanijibu, "umemwambia Mungu kwamba humwamini."

Akapiga magoti chini ya maandishi yake. Akasali kwa sauti, akakiri ushindi, akamkumbusha Mungu mstari na sura kana kwamba Mungu amesahau. Yustina alikuwa ameshika mguu wa kitanda. Mara ya kwanza alilia. Baadaye akaacha kulia, na hapo ndipo mimi nilipoanza kuogopa. Mvua haikukatika, asubuhi ikapita, mkunga anakwenda mlangoni na kurudi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Siku ile niliyaona maneno hayo kwa macho, na sitaki kuyaona tena.

Adhuhuri Denis akainuka, uso unang'aa. Akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akambeba mkewe akamlaza humo juu ya majani makavu, akamfunika turubai. Akasema Mungu amemwambia wavuke pale pale kivukoni, na maji yatawapisha.

Sikubishana naye. Nilikimbia kwa shangazi yetu Paskalina, dada wa baba, aliyefundisha mafundisho ya komunio ya kwanza kwa watoto wote wa kigango, Denis akiwa mmojawao. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, ambaye ukikosea neno moja la sala anakurudisha mwanzo. Nilipomweleza hakuuliza hata swali. Alivaa kanga ya pili kichwani, akashika fimbo yake, akasema, "Wewe kagonge. Usiache mpaka uwaone watu." Mwenyewe akashika njia ya mtoni.

Niligonga mpaka mkono ukafa ganzi. Nilipoona watu wanatoka mashambani nikawapigia kelele waje mtoni na machela, kisha nikatangulia mbio.

Mto ulikuwa umejaa hadi kwenye nyasi za ukingo, maji mekundu, na nikaona mti mzima unapita na mizizi yake. Ng'ombe walikuwa wamegoma. Mbele yao, mgongo kwenye maji, alisimama shangazi, mkono mmoja ameshika nira.

"Shikamoo, shangazi," Denis alikuwa akisema, "lakini toka njiani."

"Marahaba. Sitoki."

"Ninayo ahadi ya Mungu."

"Isome."

"Unaijua, shangazi. Tunapoteza muda."

"Muda umeupoteza tangu alfajiri. Isome, nikusikie."

Akaisema kwa kichwa, akipaza sauti juu ya kelele za maji. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akitusikiliza darasani.

"Neno la kwanza ni lipi?"

"Upitapo."

"Upitapo," akarudia. "Haikuandikwa pita nione. Upitapo ni siku utakayojikuta majini na njia nyingine huna. Wewe njia unayo, Denis, ila ina watu, na watu hutaki kuwaita. Shetani naye alimpandisha Bwana juu ya kinara cha hekalu akamsomea Zaburi, tena bila kukosea. Bwana alimjibu nini?"

Chini ya turubai Yustina alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu.

"Alimjibu nini?"

"Usimjaribu Bwana Mungu wako," Denis akasema, na papo hapo akainua mjeledi.

Mwanangu, nilidhani anampiga shangazi. Aliwapiga ng'ombe. Wakapiga hatua moja, na shangazi akarudi nyuma hatua moja, maji yakamfika kwenye vifundo. Nira hakuiachia. "Basi utaanza na mimi," akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayekuambia ufunge mlango.

Mjeledi ulikuwa bado juu watu walipotokea nyuma yetu, miguu imejaa udongo wa mashambani, wamebeba miti na mablanketi. Denis akawatazama, na mkono ukashuka wenyewe. Watu husimulia kwamba maneno ya shangazi ndiyo yaliyomshinda. Mimi nilikuwepo. Kilichomshinda ni kuona haya, na wakati mwingine haya nayo ni neema.

Tukamtoa Yustina mkokotenini tukaanza safari ya kuzunguka. Wanaume wanapokezana, wanateleza, wanainuka. Mimi nilikuwa pembeni nimemshika mkono. Mbele, mahali ambapo kiangazi hakuna hata tone, tukakuta kijito kimezaliwa na mvua, maji ya kiuno, kimekata njia yote. Juu hapakupitika, chini ndiko kwenye ule mto. Wote tukasimama. Nyuma kulikuwa na kifo cha hakika.

Shangazi akamgeukia Denis. "Sasa," akamwambia. "Hii ndiyo upitapo. Ingia."

Denis akaingia wa kwanza, analia waziwazi mbele ya watu. Wengine wakafuata, wameinua machela juu ya mabega. Katikati mmoja alikosa pa kukanyaga, machela ikalala upande, na maji yakampiga Yustina kifuani. Nikaona mikono inatoka kila upande. Sikujua upi ni wa nani. Ikamshika, ikamwinua, tukavuka.

Darajani tulikuta lori la mahindi la mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa mjini. Alimtazama Yustina mara moja tu, akawateremsha waliokaa mbele, akasema, "Mpandisheni mama." Hakuuliza sisi ni akina nani.

Yustina alipona. Mtoto alikuwa wa kiume, na alizaliwa kimya.

Najua ungependa nimalize vingine. Mimi pia ningependa.

Jioni ile, kwenye baraza ya hospitali, Denis alimuuliza shangazi, "Kama ningevuka pale kivukoni, mwanangu angeishi?"

"Sijui," shangazi akajibu. Hakulipamba jibu.

Kulikuwa na swali la pili, la ile asubuhi yote iliyopita bila rimu kugongwa. Denis hakuliuliza, na shangazi mkali yule, ambaye hakuwahi kumsamehe mtu neno, hakulitaja. Alivua ile kanga ya kichwani, mbichi kama ilivyokuwa, akamfuta kaka yangu uso.

Maji yalipopungua Denis alikwenda kivukoni na mti mrefu wa kupimia. Pale tulipozoea kupita mto ulikuwa umechimba shimo. Mti ulizama wote mkononi mwake. Ng'ombe, mkokoteni, shangazi, Yustina, wote wangelala mle. Alirudi nyumbani. Akachovya kitambaa kwenye ndoo, akapanda kigoda kile kile, ili afute maandishi ya mlangoni.

Yustina alikuwa sakafuni anachambua maharage. Tangu mazishi alikuwa hajasema maneno ya kujaza kiganja. Akasema, "Usiifute."

"Imetufaa nini?" Denis akamuuliza. "Mungu aliahidi, hakutimiza."

"Wewe uliiandika," Yustina akasema, "lakini aliyepita majini ni mimi. Nililoa, sikugharikishwa. Nilikuwa nimelala pale nahisi mikono chini yangu pande zote, na mle ndani ya maji nilijua kabisa kwamba siko peke yangu. Mwanangu nimemzika, na hilo bado nalijua. Ahadi hiyo si yako, Denis. Ni yangu. Iache."

Kaka yangu alisimama juu ya kigoda, kitambaa kinamdondokea maji mguuni. Kisha akashuka. Kila baada ya masika, alipopaka nyumba udongo upya, alizunguka herufi zile kwa uangalifu asiziguse.

Basi hilo ndilo nililotaka kukuambia, na sasa nakuambia wazi nisije nikafa ukasema bibi alikuwa anapiga hadithi. Ahadi ni deni, ndiyo, lakini mdai lazima ajue alichoahidiwa. Ukipata mstari uliokupendeza, usiukate kama kipande cha nyama ukaondoka nao. Usome sura nzima. Uliza maneno yale waliambiwa akina nani. Wale wa Isaya walikuwa wametekwa, wamepelekwa mbali na kwao, maji yalishawafika shingoni, wala hawakuwa watu wanaotafuta mto wa kujionyeshea imani. Tazama kila neno limekaaje, maana kuisahau silabi moja ya mwisho, ile po ya upitapo, kungetuzamisha sisi. Tazama pia kisichosemwa. Mungu hakumwambia Yustina kwamba mto utakauka, wala kwamba kilio hakitafika kwake. Alimwambia, nitakuwa pamoja nawe. Mwenye kudhani hiyo ni ahadi ndogo hajawahi kulazwa kwenye machela.

Na usione aibu kugonga rimu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukiugua nenda hospitali, ukizidiwa ita majirani, halafu usali njia nzima. Anayekuambia kuita watu ni kukosa imani, mwulize Mungu angekushika kwa mikono ya nani.

Haya, nipokee hiki kikombe, na usogee nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe masikio ya kusikia alichosema na moyo wa kutomwongezea maneno. Akupe shangazi mkali wa kusimama mbele ya ng'ombe wako. Akuepushe na mito isiyokuhusu. Na upitapo, mwanangu, maana hakuna asiyepita, uihisi mikono chini yako pande zote.