Fimbo Ilikuwa Bado Imesimama

Nimewahi kuona maiti akinunua sanamu mnadani.

Sitanii, na siku hiyo sikuwa nimeonja hata tone. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha siku zote, suti imenyooka, fimbo mkononi, na bei zinapanda. Akamshinda mtu anayepumua. Watu wakampigia makofi.

Anayetaka kubisha abishe akishamaliza kusoma.

Enzi hizo nilikuwa kwenye nyumba moja ya mnada pale London. Jina naliacha, maana bado wananilipa pensheni. Tulikuwa tunauza vitu vya kale: vyungu vya Wagiriki, chupa za Warumi, paka wa shaba na vijisanamu vilivyotolewa makaburini Misri.

Kazi yangu ilikuwa simu. Mteja asiyetaka kuonekana anabaki kwake, mimi nakaa ukumbini na simu sikioni, namnong'oneza bei. Akisema ongeza, nainua mkono.

Na kwenye ukumbi wa mnada, mkono ni mkono. Ukijikuna vibaya unaweza kurudi nyumbani na jeneza la paka.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja, Ambrose Pettifer, daktari wa meno mstaafu. Amefiwa na mke, kichwa kama yai, ulimi kama wembe. Amekusanya vitu vya kale maisha yake yote mpaka bafuni kwake kumejaa vyungu. Na alishatangazia kila mtu kwamba akifa, nyumba, kila kilichomo na hela zake vinakwenda makumbusho ya mji wake, wamfungulie chumba chenye jina lake.

Alikuwa na binti mmoja, Gwenda. Wa makamo, hakuolewa, ndiye aliyekuwa akimpikia na kumfulia. Mimi sikuwahi kumwona, nilikuwa namsikia tu kwenye maneno ya mzee. Kwenye wosia hakuwemo hata kwa kijiko.

Wafanyabiashara walikuwa wanamvizia Pettifer kama kunguru anavyovizia samaki. Mzee akinyoosha mkono tu, wanajua kitu ni cha kweli, wote wanarukia. Kwa hiyo alipatana na mnadishaji wetu, Bwana Haldane. Fimbo ikiwa imesimama katikati ya magoti, mzee ananunua. Ikilazwa mapajani, ameacha.

Sisi wa simu tulijua. Wengine ukumbini hawakujua kitu.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Mzee alinikuta kwenye birika la chai, akanivuta pembeni.

"Maureen, njoo nikuonyeshe kitu. Ukifumbua mdomo nakung'oa meno yote."

Akafungua leso. Ndani mlikuwa na mkono wa mbao, mdogo kuliko kidole changu cha kati, rangi imebakibaki, na kwenye bega kuna kigingi kilichochongwa mshazari.

Aliununua ujana wake kwenye sinia la vikorokoro. Tangu hapo alikuwa anatafuta mwili wake. Kila sanamu ya mbao iliyopita London aliikagua bega. Na sasa, kwenye orodha yetu ya siku ile, kulikuwa na kijakazi wa mbao amebeba kapu kichwani, mmoja wa wale waliozikwa na wakubwa wa Misri ili wawahudumie huko waendako. Mkono wa kushoto hana. Tundu la begani limekatwa mshazari.

Jana yake, wakati wa kukagua bidhaa, mzee alijifanya anafuta pua, akauchomeka. Ukaingia sawasawa.

"Nikimpata huyu, naacha," akasema. "Kweli naacha. Hivyo vingine nauza, na wosia naubadilisha, nyumba nampa Gwenda. Nimemfanya mlinzi wa makaburi, mtoto wa watu. Amenipikia miaka yote hiyo sijamwambia hata asante."

Nikamuuliza kama Gwenda anajua.

"Nitamwambia leo jioni. Nikimwambia kabla na nikashindwa, nitaonekana mjinga."

Akaenda kukaa kwenye kiti chake kando ya nguzo, akasimamisha fimbo.

Zamu ya yule kijakazi ikafika, nami nikashika simu. Mteja wa simu alikuwa mwanamke, kajiandikisha kwa jina la wakili wake. Nikamsomea yale tunayowasomea wote, kwamba mazungumzo yanarekodiwa, akasema sawa sawa. Kisha akaniuliza, "Dada, yule mzee wa fimbo yupo?"

Nilishtuka kidogo. Nikadhani ni mfanyabiashara kanusa siri. Nikamjibu yupo.

Haldane akafungua kwa pauni elfu sita. Wafanyabiashara wakapanda naye mpaka kumi na tano, wakaanza kudondoka mmoja mmoja. Tukabaki wawili, simu yangu na fimbo.

Ishirini. Simu. Ishirini na mbili. Fimbo. Mwanamke alikuwa anasema "ongeza" kwa utulivu, kama anamwambia mtu aongeze chumvi kwenye mchuzi.

Tulipofika thelathini nikamtazama mzee.

Mzee Pettifer na miwani yake walikuwa hawaachani. Ikishuka kidogo, anairudisha kwa kidole. Sasa ilikuwa imeshuka mpaka mdomoni, na yeye ametulia. Kidevu kimelalia mikono, mikono imeshika fimbo, fimbo imebana kwenye kiti cha mbele. Macho wazi. Nzi angetua pale asingefukuzwa.

Nikasogeza simu mdomoni.

"Samahani mama," nikasema kwenye simu. "Huyu mzee haonekani kupumua. Naomba tusimame, niite mtu."

Nikamsikia anameza mate.

"Fimbo imelala?"

"Hapana."

"Imesimama?"

"Imesimama, lakini mama..."

"Basi ongeza."

Sikuongeza. Nilinyoosha mkono kumwita Desmond, mpagazi wetu, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Thelathini na mbili kwenye simu," Haldane akasema. Akatupa jicho kwenye fimbo. "Thelathini na nne ukumbini."

Nikapunga tena, kwa nguvu. Haldane akafurahi. Thelathini na sita, thelathini na nane. Nikaita Desmond kwa sauti, lakini ukumbi ulishaanza kuguna na kucheka kwa bei ile, na watu wamesimama mpaka milangoni. Kila nikipunga kuomba msaada, bei inapanda. Na kila ikipanda, maiti anajibu.

Yule mwanamke alikuwa anasikia kila kitu. Akacheka kidogo, cheko la puani.

"Vizuri, dada. Endelea hivyo hivyo, nakubali zote."

Tukapita hamsini. Desmond akaniona mwishowe, nikamwonesha nguzo, akaanza kupenya katikati ya watu. Nikashusha mkono, kisha nikauinua tena kumwelekeza, na hiyo nayo ikahesabiwa.

"Sasa tulia," mwanamke akasema. "Inatosha."

Elfu sitini na mbili. Nyundo ikagonga. Haldane akainama kwa heshima kuelekea kwenye nguzo, na ukumbi mzima ukampigia makofi Mzee Pettifer.

Kwenye simu mwanamke akashusha pumzi.

"Haya, mwiteni daktari. Dawa zake za moyo ziko mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto. Huwa anasahau kuzimeza nisipomkumbusha."

Akakata.

Nilibaki na simu mkononi. Nisipomkumbusha. Mfanyabiashara gani anajua mfuko wa dawa? Nikaelewa ni binti yake.

Desmond alipomgusa begani, fimbo iliteleza ikaanguka sakafuni. Haldane, kwa mazoea tu, akasema kwenye kipaza sauti, "Ameacha."

Kuna watu walicheka. Hawakujua.

Tulipomfungua vidole, ule mkono wa mbao ulikuwa kiganjani, kigingi kimemchora alama. Dawa zilikuwa pale pale aliposema binti. Akatolewa kwa machela, Haldane akanywa maji, akaendelea na namba iliyofuata. Ilikuwa chupa ya machozi ya Kirumi, nayo ikauzwa vizuri.

Siku chache baada ya mazishi, Gwenda akaja ofisini. Nguo nyeusi, wakili pembeni, uso umepakwa huzuni. Nikaitwa.

Alikuwa amekuja kudai hela. Na hapo ndipo wengi wetu tuliduwaa. Muuzaji wa yule kijakazi alikuwa yeye.

Baadaye tulijua kwamba alimkuta kwa bibi mmoja wa pwani aliyekuwa akienda kumsafishia nyumba, kwenye rafu, katikati ya vikombe. Alimtambua papo hapo, maana ule mkono nyumbani kwao nani alikuwa anaufuta vumbi? Angeweza kumpelekea baba yake kwenye mfuko wa plastiki. Badala yake alimnunua kwa bei ya kikombe, akamleta kwetu kwa mlango wa nyuma, kisha akapiga simu kumpandishia baba yake bei. Hesabu yake ilikuwa fupi. Nyumba inakwenda makumbusho, basi kabla haijaenda, hela za mzee zipitie kwake.

Haldane akamsikiliza mpaka mwisho, akammiminia chai.

"Pole sana kwa msiba, Bi Gwenda," akasema. "Na hongera kwa ununuzi."

Gwenda akauliza ununuzi gani.

Haldane akawasha kinasa sauti. Sauti yangu ikatoka: huyu mzee haonekani kupumua. Kisha yake: basi ongeza.

Akamweleza polepole, kama anamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Maiti hana dau. Daktari kakubali kwamba mzee alikuwa ameshakwenda miwani iliposhuka. Bei zote za fimbo kuanzia pale zimefutwa. Aliye hai aliyetaja bei ya juu kabisa ni mmoja, naye kasema kwa mdomo wake anakubali zote.

"Ungekubali kusimama pale Maureen alipokwambia," Haldane akasema, "ningejua kuna tatizo, ningesimama, na leo usingekuwa na deni. Ukaendelea, ukawa unashindana na jeneza. Kijakazi ni wako."

"Mimi ndiye muuzaji. Nitajinunuliaje?"

"Kwa kanuni zetu ni marufuku. Ndiyo maana una njia mbili. Polisi wasikilize huu mkanda, au utulipe ada yetu ya muuzaji na ada yetu ya mnunuzi, umchukue mtoto wako ukamweke kabatini."

Wakili akafunga mkoba wake hata kabla Gwenda hajamgeukia.

Hapo ndipo akalia. Akasema tangu mama yake afe, alilelewa na vichwa vya mawe. Kwamba aliwahi kupata mchumba, mchumba akaja kula chakula cha Jumapili, mzee akamuonesha taya la maiti mpaka chakula kikaisha, hakurudi tena. Kwamba baba yake hakuwahi kumwambia hata asante.

Mwenye huruma angenyamaza. Mimi huruma yangu iliishia kwenye simu.

"Alikuwa akwambie jioni ile," nikasema. "Akimpata huyu anaacha kununua. Wosia anaubadilisha. Nyumba alikuwa anakupa wewe."

Akanitazama kama nimemtemea mate.

"Muongo wewe. Angeniambia."

"Aliogopa kuonekana mjinga. Aliniambia mimi, kwenye birika la chai, mkono ukiwa kwenye leso."

Haldane akasogeza kikombe chake, akamuuliza kama anataka sukari.

Gwenda alilipa. Aliuza gari na vito vya mama yake, akaondoka na kijakazi kwenye boksi la viatu. Makumbusho wakachukua nyumba na kila kilichomo, ule mkono wa mbao pia.

Mwaka uliofuata akamrudisha kwetu, shida imemkaba. Lakini London nzima ilishajua. Haldane akafungua kwa elfu nane, akashuka sita, akashuka nne, akashuka mbili. Hakuna mkono. Kitu kikikosa mnunuzi mbele za watu, sisi tunasema kimeungua, na kilichoungua hakirudi kuwa kibichi.

Wiki hiyo hiyo makumbusho wakamtafuta Gwenda pembeni, wakamchukua kijakazi kwa bei ya kutupa. Walilipa kwa hela zipi? Za Mzee Pettifer, alizowaachia.

Nimekwenda kumwona. Amesimama kwenye chumba chenye jina la mzee, kapu kichwani, mikono yote miwili. Kigingi kimeingia sawasawa. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba maiti hanunui.

Mlinzi akaniambia kuna mama huja pale mara kwa mara, nguo nyeusi, anasimama mbele ya kabati lake la kioo mpaka wanafunga. Siku moja alitoa kitambaa akaanza kufuta vumbi kwenye kioo. Wakamwambia asiguse, akitaka kuangalia aangalie kwa mbali kama wengine.

Wanasema mtaka yote hukosa yote. Sawa, ni kweli. Ila mimi nitawaachia ndogo zaidi ya hiyo. Ukiambiwa mzazi wako hapumui, usiulize fimbo.