Mafuta ya Limao na Mikono Yangu

Huenda sikumbuki yote sawasawa, na shule yangu iliishia darasa la nne. Lakini hili naliandika kwa kuwa kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa nachanganya dawa ya kuua wadudu kwenye mbegu za ngano, shamba la serikali, Hanang. Mama mmoja mjane, mtu wa Nambis kule Mbulu, aliuza kambini kwa wafanyakazi mafuta ya nywele yenye harufu ya limao, akiyapima kutoka kwenye debe. Wanawake watatu wakaungua shingo. Wakaniletea chupa ninuse, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa dawa. Nikanusa, nikasema, "Humu mna dawa ya mbegu." Msimamizi wa kambi akampa mama yule siku tatu awe ameondoka.

Alinifuata stoo. "Mwanangu, umenusa nini kwangu? Niende wapi na watoto?"

Nikampeleka na chupa yake maabara, kile chumba cha kupimia unyevu wa ngano. Mtaalamu wa pale akasikiliza, akanipa kichupa kingine ninuse.

"Hata hiki kina dawa," nikasema.

"Hiki kimetoka dukani Mbulu, nimekifungua sasa hivi. Hebu nenda kanawe, ndugu. Mpaka kwenye viwiko."

Mama akaguna. "Kumbe dawa anatembea nayo mwenyewe!"

Nilinawa, nikanusa tena vyote viwili. Limao tupu.

Mtaalamu hakutaka kutegemea pua. Alitia tone kwenye karatasi tatu: mafuta ya mama, ya dukani, na dawa yetu. Akazining'iniza, ncha zikagusa spiriti, nayo ikapanda polepole. Dawa iliacha doa jekundu. Mafuta yote mawili yaliacha madoa ya njano, yamelingana kimo, bila wekundu wowote.

"Dawa hamna," akasema. "Nadhani ni limao lenyewe linaunguza ngozi, likipigwa na jua. Nadhani tu."

Niseme haki: wale wanawake waliungua kweli, hawakumsingizia mtu. Na mama hakujua.

Niliwakuta bombani, nikasema yote, hata habari ya mikono.

"Sasa tukuamini wa leo au wa juzi?" mmoja akauliza. Wenzake wakacheka. Mimi sikuweza.

Nilimweleza msimamizi pia, akafuta amri yake. Mama alimwaga mafuta yaliyobaki, akaanza kuuza chumvi. Nilipita nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akasema marahaba, akaendelea kupanga mafungu yake bila kuniangalia.