Fundi na Diski ya Marehemu

Fundi wa kompyuta wa pale kona ana vidole vinene, lakini akishika skrubu utadhani anamtoa mtoto mwiba. Mashine huisemesha kama mbuzi: "Funguka, mkaidi wee!" Ukimpelekea diski aifomati, yaani aifute yote na kuipanga upya, huuliza kwanza utaichomeka wapi, maana mfumo wa mafaili unaokubaliwa na kompyuta, televisheni yaweza kuususa. Kisha, kabla hajafuta, hukugeuzia kioo cha kompyuta uone vilivyomo. Watu humtania: "Fundi, unafuta au unazika?" Hucheka, wala habadiliki.

Juzi jirani yake mjane alileta diski ya marehemu mumewe, anataka aitumie kwenye televisheni. "Futa tu, baba. Ni mambo ya kazini kwake."

"Tazama kwanza, mama. Maji yakimwagika hayazoleki."

Fundi akafungua faili moja. Ikatoka sauti ya marehemu, anamwimbia mkewe, anakosea, anajicheka mwenyewe. Mama wa watu akaangua kilio. Fundi akachukua diski yake mwenyewe, akaanza kuhamishia humo vyote vya marehemu, kisha akageukia rafu, akawa anatafuta waya uleule alioushika mkononi, mpaka kilio kikapoa.