Nyumba Iliyorukwa

Mwanapili wa Msambweni alikuwa mzito wa kusema mbele za watu. Nyumbani kwake alicheka na kutania, lakini wakikusanyika watu watano tu, maneno yalimkauka. Alilelewa na shangazi yake, Bi Bimkubwa, mwanamke msafi, mcha Mungu, na mwenye mkono mwepesi kuliko wote mtaani. Kwa Bi Bimkubwa mtoto alichapwa kwa kikombe alichokivunja, na pia kwa kile alichokaribia kukivunja.

Mwanapili alipompata binti yake, Mwanafatuma, aliapa kutomlea hivyo. Alimwita "mama." Akimtuma, alimshukuru. Akikosea, alimkalisha mkekani, yeye mwenyewe akiendelea kusuka ukili wa mikeka, mtoto aeleze taratibu ilivyokuwa. Majirani walimtania kwamba kwake uhuru uliingia kabla ya bendera kupandishwa. Alicheka nao, ila moyoni aliogopa. Hakuna aliyewahi kumwonyesha njia nyingine ya kulea. Alikuwa akibahatisha tu, kama wazazi wote, tofauti ni kwamba yeye alikiri.

Mwaka wa pili wa uhuru, wifi yake alikuwa akimwoza binti yake. Mwaliko wa kwao haukuandikwa. Ulipitishwa kwa mdomo, nyumba kwa nyumba, na mpitishaji alisimama mlangoni akatoa salamu na ujumbe wote. Aliyerukwa hakwenda, hata kama wali ulipikwa uani kwake. Mwanapili akaomba kazi hiyo apewe Mwanafatuma, mwenye miaka tisa, ili azoee kusema na watu. Wifi alisitasita, akakubali. Mtoto akapita siku mbili, kisha akasema nyumba zote amezimaliza.

Asubuhi ya harusi Bi Bimkubwa hakuonekana. Akatumwa mtu kumwuliza, akarudi na jibu kwamba hakualikwa. Waliokuwa jikoni wakaacha vyungu wakageuka. Wifi akasema mtoto huyo achapwe hapo hapo, watu wakiona, na mama yake naye ajue kudekeza kuna mwisho. Mara Mwanapili akauona mkono wake mwenyewe umeinuka. Akaushusha. Aliona haya kuliko siku zote za maisha yake. Akamchukua mtoto nyuma ya nyumba, penye mitungi ya maji, akachutama mbele yake.

"Ilikuwaje, mama?"

Mwanafatuma alilia kwanza. Kisha akaeleza kwamba alifika mpaka mlangoni, akamsikia Bi Bimkubwa akifoka ndani, akarudi mbio. Nyumbani akaona aibu kusema.

Mwanapili angeweza kwenda peke yake kuomba radhi, na mambo yakaisha. Lakini alijua mtoto angezoea kujificha nyuma ya buibui la mama yake mpaka uzeeni, awe kama yeye. Kwa hiyo wakaenda wote wawili. Njiani alimwambia kwamba atasimama naye, ila maneno mtoto atayasema mwenyewe.

Bi Bimkubwa alikuwa kibarazani akichambua mchele. Wakapiga hodi, wakamwamkia. Marahaba yake ilikuwa kavu.

"Bibi, nilitumwa nije nikualike, nikaogopa, nikarudi," Mwanafatuma akasema. "Kisha nikasema uongo kuwa nimekualika. Mama hakujua. Naomba unisamehe."

"Umefundishwa kusema hivyo?"

"La, bibi. Nimeambiwa niseme yaliyotokea."

Bi Bimkubwa akauweka ungo chini. Alimtazama mtoto, kisha akamgeukia Mwanapili.

"Wewe nilikulea miaka kumi na miwili, na fimbo sikuiweka chini. Hukuniambia kweli hata siku moja."

Maneno yalimkauka Mwanapili, kama kawaida yake. Mtoto alikuwa akimtazama.

"Nilikuwa nakuogopa, shangazi."

Bi Bimkubwa alikung'uta makapi mapajani, akainuka, akaingia ndani, nao wakadhani wamefukuzwa. Alipotoka alikuwa amevaa buibui. Hakuomba radhi, hakuwa na mazoea hayo. Alimwinamia Mwanafatuma mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Haya, mwanangu," akasema. "Nialike basi, kama ulivyowaalika wenzangu."

Mtoto akasimama wima, akaanza na salamu, akautoa ujumbe wote bila kuruka neno. Mwanapili alikuwa kando, analia waziwazi.