Shikamoo ya gari nyekundu

Jamani, leo baba yangu mdogo kaniamkia mimi. Shikamoo kabisa!

Nina gari mbili. Probox ya kazi, inabeba alizeti na mbuzi. Na ile spoti nyekundu ya milango miwili, hiyo naitoa Jumapili tu, kwenye lami.

Wiki iliyopita nilimkuta mzee huyohuyo dukani, hapa Utemini. Nikashuka kwenye Probox.

"Shikamoo baba."

Akageukia soda yake.

Na Probox hiyohiyo ndiyo iliyomkimbiza mkewe hospitali kutoka Mungaa, masika, matope mpaka kwenye vioo!

Leo nimepaki spoti palepale. Vioo vyeusi. Mzee akaja mbio, akavua kofia, akainama mpaka usawa wa dirisha.

"Shikamoo mheshimiwa."

Nikashusha kioo.

Akaganda. Aibu nikaona mimi, wallahi. Ikabidi niwahi kumwamkia: "Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu! Marahaba!"

Macho hayako kwangu. Mkono unapapasa boneti.

Hata wanangu hajawaulizia.

Kesho natoka na Probox, na dukani lazima nipite. Semeni nyie: nimwamkie, au nisubiri Jumapili?