Tajiri, Punda wa Kisiwani Asiye na Mtoto

Swali lililoninyima usingizi kule Msangeni lilikuwa dogo: nikimhasi punda mwenye uwezo wa kuzalisha, nitamrudishiaje uwezo huo? Bi Mwanaidi wa Kisiwani, aliyewahi kuuza vitenge na mama yangu gulioni, alikuwa amepiga simu. Punda dume wake, Tajiri, alikuwa akiletewa majike ya majirani, na hakuna hata mmoja aliyeshika mimba. "Kijiji kizima kinanicheka," alisema. "Njoo umhasi tu, mwanangu, avute maji kwa utulivu." Nimemaliza chuo cha mifugo juzijuzi. Ng'ombe nimewasoma mpaka basi. Punda tulipewa kipindi kimoja, na siku hiyo mvua ilipiga bati, hatukumsikia mwalimu.

Asubuhi nilishuka mlima na koleo la kuhasia begini, pamoja na hadubini ndogo niliyoazima kwa rafiki anayefundisha sekondari. Kule chini bwawa la Nyumba ya Mungu liling'aa. Tulipofika Mwanga nilifungua begi kuhakikisha vifaa vipo. Same nikafungua tena, mpaka abiria wa pembeni akaniuliza kama nimebeba kuku.

Kutoka Same milima ilibaki kulia, nyika ya Mkomazi kushoto. Huko ndiko nilikoanza kuwatazama punda kwa makini. Mmoja alikuwa akirudi nyumbani peke yake, madumu ya maji yamejaa ubavuni, hakuna mtu mbele wala nyuma. Alipofika njia panda alikata kona bila kusita. Mimi kwenye njia panda husimama kwanza.

Kisiwani, kabla ya adhuhuri, Bi Mwanaidi alinipokea barabarani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako bado mnene?"

"Bado."

"Alhamdulillahi."

Nilikuwa nimeomba aletwe jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume. Jirani, Mzee Shabani, alikuwa tayari na wake, kamba mkononi. Alinitazama toka juu hadi chini. "Daktari ndiye huyu? Nilidhani mjukuu amekuja likizo."

Tajiri ni mkubwa, wa kijivu, na mstari mweusi unamkata mabegani. Hana kovu hata moja. Bi Mwanaidi ameshonea hatamu zake vipande vya godoro zisimchune, na maji alimpa yeye kabla yetu. Nilimpima taratibu. Korodani zote mbili zilikuwepo, zimelingana, hazina uvimbe wala joto. Uume haukuwa na kidonda.

"Binti, unajua unachokishika?" Mzee Shabani aliuliza.

"Ninajua, mzee."

"Haya, mwenzetu hata aibu hana!"

Tukamkutanisha na jike. Tajiri alinusa, akainua mdomo wa juu, kisha akaenda zake pembeni na kutugeuzia mgongo. Mzee Shabani akaanza kuvuta kamba. "Umeona? Kila mara ndivyo. Tunaenda zetu."

"Huwa unamwachia muda gani?"

"Muda? Fahali wangu anamaliza kabla sijakohoa!"

Hapo nikaelewa. Punda dume si fahali. Husogea, hukaa mbali, hurudi, husogea tena, na Tajiri alikuwa akinyang'anywa jike kila anapojitenga.

"Naomba umwache, mzee. Anafikiri."

"Punda afikiri?"

"Mimi mwenyewe niko hivyo."

Tulikunywa chai ya tangawizi, tukaongeza nyingine. Tajiri alirudi, akaondoka, akarudi. Kisha akalia mlio uliotikisa mabati, akampanda jike. Bi Mwanaidi alijiziba mdomo kwa kanga. "Mashallah!"

Aliposhuka, nilikinga matone ya mwisho kwenye kioo cha hadubini nilichokuwa nimekipasha joto kwapani, nikaielekeza hadubini kwenye jua. Mbegu zilikuwa hai, zinakimbizana. Nilimwachia Bi Mwanaidi nafasi.

"Wanaogelea kama dagaa wa bwawani!" alipiga kelele.

Mzee Shabani naye aliinama akachungulia. "Wote hawa ni wa Tajiri? Basi nimemwonea."

Alasiri mashaka yalinirudia. Mbegu kuogelea si mimba. Joto la jike lingeendelea kwa siku kadhaa, na ilibidi apandwe tena. Akivutwa nyumbani mapema, mimba itakosekana, na atatafutwa mhasi mwingine asiyeuliza maswali.

"Na maji yangu atabeba nani?" Mzee Shabani alilalamika nilipoomba jike abaki.

"Nitakuletea mimi na Tajiri asubuhi," alisema Bi Mwanaidi, "kisha arudi kwa mkewe."

Gari la kurudi Same lilipiga honi barabarani. Siku hiyo nilikuwa nimejifunza kwamba mnyama anayechelewa anaweza kuwa mzima kabisa, na kwamba haraka yetu ndiyo iliyomnyima watoto. Nikamwambia Bi Mwanaidi kuwa simhasi. Nikampungia dereva mkono aende, nikapokea kamba kwa Mzee Shabani, nikamwingiza jike zizini mwenyewe, nikamfungua kamba, nikafunga mlango. Nitakaa hapa mpaka joto lake liishe.