Wadudu wa Pipa la Bluu

Mtaa hauna dogo. Mke wa fundi redio walimbandika jina la Mama Wadudu, naye hakununa, maana wadudu alikuwa nao kweli: bakteria wasioonekana kwa macho, aliowafuga chumba cha uani ndani ya pipa la bluu lenye maji makali. Ukiwapa bodi za redio mbovu zilizopondwa, huitoa shaba ya kuuza taratibu, bila moto. Zamani mumewe alizichoma, moshi ukamla mapafu. Daktari alimwambia wazi: akirudia kuchoma, ajichimbie kaburi.

Mama mkwe alikuja kuwasalimia. Njiani akasikia lile jina, aibu ikamchemka. Mama Wadudu aliporudi sokoni, alikuta pipa limefudikizwa juani, linang'aa.

"Nimewamaliza wote, mwanangu," mama mkwe alisema, mikono imejaa povu. "Hawatakucheka tena."

Wanasema wema hauozi. Huu ulioza papo hapo. Mama Wadudu alikaa chini akalia. Mumewe alikwenda kulivuta karai la kuchomea.

"Sasa tutakula nini?" aliuliza, kisha akakohoa mpaka akashika ukuta. Mama yake alimtazama, na hapo ndipo alipoelewa amemwaga nini.

Mwiko wa kukorogea pipa ulikuwa bado nyuma ya mlango, una tope la kutu. Mama Wadudu akalisuuzia tope hilo kwenye chupa ya maji mapya yenye chumvi ya chuma, chakula cha wadudu, akaifunga kwa pamba. Maji yalikuwa ya kijani. Kama kungekuwa na wadudu waliosalia hai, yangegeuka rangi ya kutu.

"Wanataka joto, mama."

"Nipe mimi." Bibi kizee akaifunga chupa tumboni kwa shuka, akalala chali kama mzazi.

Kila asubuhi walichungulia. Kijani. Wakachungulia tena. Kijani. Mume akachoka kungoja, akamwaga mafuta ya taa kwenye karai, akatoa kiberiti. Mkewe alimshika mkono, akasukumwa.

"Acha, baba!" Mama mkwe alitoka pekupeku, shuka linaburuzika, chupa ameinua juu. Maji yalikuwa mekundu kama kutu ya bati. "Wako hai! Niue mimi kwanza!"

Kiberiti kikaanguka.

Siku hizi mtu akibisha hodi na kuita, "Mama Wadudu!", anayewahi kuitika ni mama mkwe.